Mausi moja, kompyuta mbili, na gemu isiyosikia

Kuchangia kibodi na mausi kati ya kompyuta mbili kwa kutumia programu ni raha tupu mpaka siku utakapofungua gemu. Kuandika barua pepe, kunakili maneno huku na kuyabandika kule, kupekua mafaili, yote yanakwenda. Fungua gemu ya kulenga na kupiga uone. Nilipoomba msaada, karibu kila mtu aliniambia ninunue mausi ya pili nimalize. Ushauri si mbaya, ila anayeutoa hajaiona meza yangu. Ukiweka kibodi mbili, sahani ya chai inabidi uipakate.

Nafanya kazi ya kuhariri video nyumbani, Tabata. Laptopu ni ya ofisi. Deskitopu ni yangu mwenyewe. Niliinunua ikiwa used Kariakoo, nikaiongezea kadi ya grafiki na RAM polepole kadiri mfuko ulivyoruhusu. Mchana iko laptopu upande wa kushoto na skrini ya deskitopu upande wa kulia, na mausi inavuka kutoka moja kwenda nyingine kana kwamba ni skrini moja ndefu. Jioni, na hasa mpwa wangu anapokuja likizo, deskitopu inageuka uwanja wa vita.

Programu za kazi hii ziko nyingi na nyingine ni ndugu wa damu. Synergy ilianza mwaka 2001. Baadaye Barrier ikachipuka kutoka humo, na mwaka 2021 Input Leap ikachipuka kutoka kwa Barrier. Kwa wanaotumia Windows peke yake kuna Mouse Without Borders, ambayo mfanyakazi wa Microsoft aitwaye Truong Do aliitengeneza kama mradi wa pembeni ikatoka mwaka 2011. Tangu 2023 imo ndani ya PowerToys na inaunganisha mpaka kompyuta nne. Wenye vifaa vya Apple wana Universal Control tangu 2022. Mimi nilianza na Barrier kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Mpangilio unafanana kwa nyingi ya hizi: kompyuta moja ndiyo iliyochomekwa kibodi na mausi vyenyewe, hiyo naiita mashine mama, zingine zinapokea habari kupitia mtandao wa nyumbani.

Nilichomeka kibodi na mausi kwenye laptopu, kwani ndiko ninakoshinda. Kwa hiyo gemu ilikuwa upande wa pili, kwenye mashine inayopokea. Siku ya kwanza mpwa wangu alikaa, akagusa mausi kidogo tu kulia, na mhusika wake akaanza kujizungusha, akatazama mbinguni, akatazama miguu, akajizungusha tena.

"Anko, huyu jamaa anazunguka kama feni!"

Nikadhani ni mausi. Nikapunguza kasi kwenye mipangilio ya gemu, nikasafisha kioo cha chini, nikabadilisha kitambaa cha kutelezea. Wala. Nikifungua kivinjari kwenye deskitopu hiyohiyo, mshale unatembea vizuri kabisa.

Hapa ndipo penye kiini, na ukipaelewa hapa mengine yote utayatatua mwenyewe. Programu ya kuchangia haisafirishi mwendo wa mkono wako. Inasafirisha mahali mshale ulipo. Gemu haitaki kujua mshale uko wapi. Inataka kujua mkono umesogea kiasi gani. Gemu nyingi za kulenga huuficha mshale na kuurudisha katikati ya skrini kila mara, kisha hupima umetoka katikati kwa umbali gani. Chukua skrini ya 1920 kwa 1080. Katikati kwa upana ni 960. Mashine mama inaamini mshale uko 1400, hakuna aliyeiambia kwamba gemu imeurudisha 960. Ukisogeza mkono hatua tano kulia, mama inatuma taarifa: mshale uko 1405. Gemu inatoa 960 kwenye 1405, inapata 445, na kumzungusha mhusika kana kwamba umeifagia mausi meza nzima. Kila ukigusa, hesabu inarudiwa. Kisha mshale wa kufikirika ukifika mwisho wa skrini, mama inaona hakuna pa kwenda tena, na wewe huwezi kugeuka zaidi upande huo hata adui akupige mgongoni.

Gemu zinazosoma mausi moja kwa moja kutoka Windows, zile zenye kisanduku cha "raw input" kwenye mipangilio, zinaweza kukufanyia vituko vilevile. Zinategemea mwendo, wewe unaziletea anwani.

Dawa ya kwanza imo ndani ya programu zenyewe. Kwenye mipangilio ya mashine mama, Synergy na wadogo zake wana chaguo liitwalo "relative mouse moves". Ukilitia alama, mama inatuma mwendo badala ya mahali. Lakini kuna sharti ambalo wengi hawalioni: linafanya kazi pale tu mshale ulipofungiwa kwenye skrini moja. Kufungia ni kwa kitufe cha Scroll Lock. Watu hutia alama, wanafungua gemu, wanaona feni ileile, wanaapa kwamba chaguo hilo ni la uongo. Bonyeza Scroll Lock mshale ukiwa tayari upande wa gemu. Ukimaliza, bonyeza tena ili uweze kurudi.

Kibodi yangu ni ndogo, haina Scroll Lock kabisa. Kama na yako ni hivyo, ingia sehemu ya vitufe vya mkato ya mashine mama, chagua kitufe usichokitumia kwenye gemu, kipe kazi ya kufungia mshale. Mimi nilichagua F9. Usichague F5, kwenye gemu kadhaa ndiyo ya kuhifadhi haraka, na utajikuta umehifadhi mahali ambapo ungetamani usihifadhi.

Feni ikasimama. Ila lengo likawa linakwenda kwa kurukaruka. Unasogeza mkono, hakuna kitu, kisha hatua zote zinakuja kwa mkupuo. Hili halikuwa gemu tena, lilikuwa mtandao. Fungua dirisha la amri, andika ping (amri ya kupima ujumbe unachukua muda gani kwenda na kurudi) na anwani ya kompyuta ya pili, uiache iendelee kama dakika moja. Kwangu majibu yalikuwa milisekunde mbili, tatu, nne, halafu ghafla mia na kitu, halafu tatu tena. Wi-Fi ya 2.4 GHz katika nyumba za kupanga, kila jirani na ruta yake, ndivyo ilivyo. Ukiangalia video huoni tofauti kwa sababu video inajiwekea akiba. Mausi haina akiba. Na programu hizi hutumia TCP, utaratibu wa kutuma habari kwa mpangilio bila kuacha kipande nyuma, kwa hiyo kipande kimoja cha habari kikipotea njiani, vinavyofuata vinakisubiri kitumwe upya. Ndiyo maana mwendo unaganda kisha unaruka. Kumbuka pia hii haihusiani na bando wala kasi ya intaneti yako. Ni safari ya kutoka laptopu kwenda deskitopu chumba kimoja. Nilikuwa karibu kulipia kifurushi kikubwa zaidi, pesa ambayo isingebadilisha chochote.

Nilinunua waya wa ethaneti wa mita mbili na kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja, bila ruta katikati. Kadi za mtandao za siku hizi zinajua zenyewe jinsi ya kupishana, hakuna haja ya waya maalumu. Nikaipa laptopu anwani 192.168.10.1 na deskitopu 192.168.10.2, Wi-Fi ikaendelea na kazi ya intaneti. Hapo Windows ilinitega: mtandao usio na ruta inauita hautambuliki, inauweka kwenye kundi la mitandao ya hadharani, na ukuta wa moto (firewall), yaani mlinzi wa Windows dhidi ya wageni wa mtandaoni, unazuia. Ilibidi niruhusu mlango wa mtandao (port) namba 24800, ambao ndio Synergy na Barrier hutumia, kwa mkono. Baada ya hapo ping ikakaa chini ya milisekunde moja na haikuyumba.

Furaha ilidumu mpaka nilipowasha VPN ya kazini, ile njia ya faragha inayoiunganisha laptopu na mtandao wa ofisi. VPN nyingi za ofisi zinapeleka kila kitu kwenye handaki lake na kukata mawasiliano na mtandao wa nyumbani. Mpwa wangu yuko katikati ya mechi, mimi nafungua faili la mteja kwenye laptopu, mausi inakata roho. Kama kibodi yako inaishi kwenye laptopu ya ofisi, hili litakukuta. Na kwa kuwa tumefika kwenye ofisi: kabla ya kusakinisha chochote cha namna hii kwenye mashine ya mwajiri, muulize mtu wa TEHAMA. Kila unachochapa, nywila ikiwemo, kinapita kwenye mtandao. Washa usimbaji fiche (encryption) ili asiyehusika asiweze kuvisoma, na mtu wa TEHAMA akikataa, heshimu.

Kuna ugonjwa mwingine unaowachanganya watu kwa sababu unaonekana kama programu imekufa. Mshale unatembea kila mahali kwenye mashine inayopokea isipokuwa ndani ya gemu moja. Humo, kibodi haiandiki, mausi haigusi. Ukitoka tu, kila kitu kiko hai. Tangu Windows Vista, programu ya kawaida hairuhusiwi kutuma vitufe kwa programu iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Baadhi ya gemu na vizinduzi vyake hujifungua kwa mamlaka hayo. Ama ifungue gemu kwa kawaida, ama programu ya kuchangia iendeshwe kama huduma ya mfumo yenye mamlaka ya juu.

Na hata ukifanya hivyo, gemu za mashindano mtandaoni zinaweza kukukatalia. Windows huvipa alama vitufe na mwendo uliotengenezwa na programu, tofauti na ule uliotoka kwenye kifaa kilichochomekwa. Programu za kulenga kwa udanganyifu nazo hutuma mwendo kwa njia hiyohiyo. Kwa walinzi wa gemu, mausi yako inayopitia mtandao na roboti ya kulenga zinaweza kufanana sura. Sikutaka kufungiwa akaunti ya mtoto wa dada yangu kwa ajili ya kuokoa nafasi mezani. Kwa gemu za namna hiyo usijaribu kuhangaika na mipangilio, peleka mausi kwenye mashine ya gemu.

Na ndivyo nilivyofanya hatimaye kwa gemu zote: kibodi na mausi vikahamia deskitopu, deskitopu ikawa mama, laptopu ikawa inayopokea. Kama ningeambiwa sentensi moja tu mwanzoni, ningetaka iwe hii: mashine yenye gemu ndiyo ichomekwe mausi. Gemu inapata mwendo halisi bila kupitia mtandao, VPN ikikata inakata upande wa laptopu peke yake, na Excel haijali milisekunde.

Si kwamba matatizo yaliisha. Yalibadilika, na haya mapya ni mepesi.

La kwanza ni mausi kutoroka. Unageuka ghafla kumkabili aliye nyuma yako, mkono unakwenda kushoto kwa nguvu, mama inaona mshale umegusa ukingo na kuuvusha kwenda laptopu. Wewe unapigwa risasi huku unabofya kwenye barua pepe ya bosi. Hili si utani, niliwahi kufungua kikao cha video bila kujua. Gemu za mikakati ni mbaya zaidi, maana humo kugusa ukingo wa skrini ndiyo njia ya kusogeza ramani. Dawa ni ileile F9 kabla mechi haijaanza. Ukitaka ulinzi wa kudumu, weka sharti la kugonga ukingo mara mbili ndipo uvuke, au kusubiri kidogo ukingoni. Kwenye Mouse Without Borders, kuvuka kwa ukingo kunaitwa Easy Mouse, na unaweza kukuzima au kukuruhusu pale tu unaposhikilia Ctrl au Shift. Shift usiichague, ndiyo ya kukimbia kwenye gemu nyingi.

La pili, gemu inajikunja chini kila unapovuka kwenda laptopu kusoma ujumbe. Mashine mama inapovusha mshale hujichukulia dirisha la mbele, na gemu iliyojaza skrini kwa mtindo wa kipekee huona imenyang'anywa nafasi, inajikunja. Synergy na Barrier wana chaguo linalosema mashine mama ya Windows isichukue dirisha la mbele. Tia alama hapo, na gemu iendeshe katika dirisha lisilo na mipaka badala ya skrini nzima ya kipekee.

La tatu ni kitufe kinachonata. Unatembea ukiwa umeshikilia W, mshale unavuka, unaachia W ukiwa upande wa pili. Taarifa ya kuachia inaweza isifike kulikotakiwa, na mhusika anaendelea kutembea mpaka anaanguka kwenye bonde. Rudi upande wa gemu, bonyeza W na uachie. Ctrl, Shift na Alt nazo hunata hivyo. Ukiona kila herufi inakuja kubwa au kubofya kunachagua mafaili mengi, zibonyeze moja moja uziachie. Na ukiwa hapo zima ule msaada wa Windows unaojitokeza ukibonyeza Shift mara tano. Sijui mcheza gemu gani aliwahi kuushukuru.

Katikati ya safari hii nilinunua pia swichi ya KVM, ile ya kubadilisha skrini, kibodi na mausi kwa pamoja. Ilinigharimu zaidi ya vitu vingine vyote vya mradi huu nikivijumlisha, na sasa iko kabatini. KVM nyingi hazipitishi mausi yako kama ilivyo, zinaiigiza. Kompyuta inaiona mausi ya kawaida isiyo na makuu, kwa hiyo vitufe vya pembeni vya mausi yangu vilipotea, na mausi iliyokuwa ikiripoti mara 1000 kwa sekunde ikashuka mpaka 125, yaani kutoka kila milisekunde moja mpaka kila milisekunde nane. Kibodi nayo iliigizwa kwa mtindo wa msingi wa USB, ambao kwa mara moja hubeba vitufe sita tu pamoja na Ctrl, Shift na wenzao. Kwa gemu ya mpira, pale ambapo wachezaji wawili wanagawana kibodi moja, sita vinaisha haraka. Mpwa wangu na rafiki yake walikaribia kupigana, kila mmoja akidai mwenzake anamzibia pasi.

Ila kilichoniudhi zaidi kilikuwa Ctrl. KVM yangu ilikuwa inabadilisha kompyuta ukigonga Ctrl mara mbili haraka. Kwenye gemu nyingi za kupiga risasi, Ctrl ndiyo kuchuchumaa, na katika mapambano watu huchuchumaa na kuinuka kwa haraka. Kila akichuchumaa mara mbili, skrini inahamia laptopu. Nyingine hutumia Scroll Lock mara mbili, hiyo ni afadhali. Wanaotaka KVM kwa ajili ya gemu watafute yenye kupitisha USB bila kuiga, na yenye kuruhusu kuzima vitufe vya kubadilishia. Bei yake jiandae.

Kilichonifaa ni kitu kidogo cha bei nafuu, swichi ya USB ya milango miwili, isiyogusa skrini hata kidogo. Kibodi na mausi vinaingia humo, waya mmoja unakwenda deskitopu, mwingine laptopu, na juu kuna kitufe cha kubonyeza. Haiigizi chochote, inahamisha tu waya. Ubaya wake ni kwamba ukibonyeza, Windows inavitambua vifaa upya kwa sekunde moja au mbili, na gemu chache hazikubali kibodi iliyorudi mpaka uzianzishe tena. Kwa hiyo hubadilishi katikati ya mechi.

Siku za kawaida swichi iko upande wa deskitopu na programu ya kuchangia inafanya kazi juu yake, navuka kwenda laptopu kwa ukingo. VPN ikiwaka, au deskitopu ikiwa imezimwa, nabonyeza swichi. Kwenye gemu za mashindano naifunga kabisa programu ya kuchangia, isionekane hata kwenye kona ya saa. Gharama iliyobaki ni umeme: mashine mama lazima iwe imewaka ili laptopu ipate kibodi, na deskitopu yenye kadi ya grafiki inazila uniti za LUKU hata ikiwa haifanyi la maana. Siku ambazo nina kazi ya kuandika tu, siiwashi.

Ukienda dukani kununua swichi ya aina yoyote, beba kibodi na mausi yako mwenyewe. Mwombe muuzaji akuwekee kwenye kompyuta yake, fungua sehemu ya kuandikia, shikilia vitufe saba au nane vya herufi kwa pamoja uone vingapi vinatokea. Kwanza fanya hivyo kibodi ikiwa imechomekwa moja kwa moja, maana kibodi nyingi za bei rahisi zenyewe hazifiki huko, usije ukailaumu swichi bure. Halafu jaribu vitufe vya pembeni vya mausi kwenye kivinjari: vinatakiwa kurudisha ukurasa nyuma na mbele. Kisha gonga Ctrl mara mbili haraka. Muuzaji atakushangaa kidogo, mwache ashangae.